Lango la Fort McHenry: kesi ya Merryman na habeas corpus wakati wa vita

Jumanne, tarehe 28 Mei 1861, Washington Bonifant alifika kwenye lango la nje la ngome ya Fort McHenry mjini Baltimore akiwa na hati mkononi. Alikuwa mkuu wa askari wa mahakama ya shirikisho katika Maryland. Hati ile ilimwamuru amkamate Jenerali George Cadwalader, kamanda wa jeshi katika eneo hilo, na kumfikisha mbele ya Jaji Mkuu wa Marekani saa sita mchana ajibu shtaka la kudharau mahakama kwa kutomleta mfungwa wake, John Merryman. Bonifant alituma kadi yenye jina lake ndani. Mjumbe akarudi na kusema kadi haina jibu. Langoni hakuruhusiwa kupita. Akageuza, akarudi mjini, na yaliyompata akayaandika kwenye taarifa yake kwa jaji, mistari michache tu.

Kisa hiki husimuliwa kama ugomvi wa wakubwa wawili, Rais Abraham Lincoln na Jaji Mkuu Roger Taney, juu ya nani anayeruhusiwa kusitisha habeas corpus, yaani haki ya mtu anayeshikiliwa kufikishwa mbele ya jaji. Swali hilo ni zito na tutalifikia. Lakini anayetaka kujua mahakama inaweza kufanya nini hasa pale bunduki zikiwa upande wa pili, afuatilie karatasi: nani aliandika nini, kwa nani, kwa kiapo au bila kiapo, na hatua ipi iliachwa. Makosa yaliyoitia kesi hii ukungu kwa zaidi ya miaka 160 yamo mle.

Hati inavyofanya kazi

Habeas corpus ni amri kwa yule anayemshikilia mtu. Inamtaka alete mambo mawili mbele ya jaji: mtu mwenyewe, na sababu ya kumshikilia. Haimwulizi jaji kama mfungwa ana hatia. Mwombaji, au wakili kwa niaba yake, anapeleka ombi lililoapiwa. Jaji akiona lina msingi anatoa hati yenye saa na mahali. Mshikaji anafika na mfungwa pamoja na majibu ya maandishi, jaji anayapima, kisha anaamua: mtu aachiwe, apewe dhamana, au arudishwe alikotoka. Mshikaji akikaidi, hatua inayofuata ni hati ya kumkamata yeye mwenyewe.

Uingereza iliuimarisha utaratibu huu kwa sheria ya 1679. Marekani ikauingiza kwenye katiba, Ibara ya 1, sehemu ya 9: haki ya hati hiyo isisitishwe ila pale ambapo, kukiwa na uasi au uvamizi, usalama wa umma unalazimu. Sheria ya Mahakama ya 1789, kifungu cha 14, ikampa kila jaji wa Mahakama ya Juu uwezo wa kuitoa akiwa peke yake. Ukiisoma sehemu ya 9 polepole utaona imetaja lini haki hii inaweza kusitishwa, ila haikutaja nani wa kuisitisha.

Maryland, Aprili 1861

Makombora yalianza kuanguka Fort Sumter, ngome ya serikali ya shirikisho huko South Carolina, tarehe 12 Aprili, na vita vya wenyewe kwa wenyewe vikaanza. Tarehe 15 Lincoln aliita wanamgambo 75,000 na kuitisha Kongresi ikutane tarehe 4 Julai. Kuna siku 80 hapo katikati, na katika siku hizo hapakuwa na wabunge Washington wa kupitisha sheria yoyote. Virginia ilikuwa inajitenga upande wa kusini wa mji mkuu. Kaskazini ilikuwa Maryland, jimbo la watumwa lililobaki ndani ya muungano shingo upande, na kila reli iliyoleta askari kutoka kaskazini ilipita Baltimore.

Tarehe 19 Aprili kikosi cha 6 cha Massachusetts kilishambuliwa na umati kikivuka mji huo. Walikufa askari 4 na raia 12. Usiku huohuo maofisa wa mji na polisi walianza kuchoma madaraja ya reli kaskazini mwa Baltimore ili askari wengine wasipite, na nyaya za simu za maandishi zikakatwa. Kwa takriban siku sita Washington ilikaa kama kisiwa, mpaka kikosi cha 7 cha New York kilipoingia tarehe 25 kwa njia ya Annapolis. Anayemhukumu Lincoln bila kuiweka wiki hiyo mbele yake hamtendei haki.

Tarehe 27 Aprili Lincoln alimwandikia Jenerali Winfield Scott, mkuu wa jeshi, akimruhusu kusitisha habeas corpus mahali popote penye njia ya kijeshi inayotumika, au itakayotumika, kati ya Philadelphia na Washington, au jirani na njia hiyo. Uamuzi angeufanya Scott mwenyewe au ofisa mkuu aliyepo pale. Ilikuwa barua kwa mwanajeshi, na hapakutolewa tangazo kwa umma. Mahakama hazikujulishwa.

Siku tatu

John Merryman alikuwa mkulima na mfugaji tajiri karibu na Cockeysville, kaskazini mwa Baltimore, na luteni katika kikosi cha wapanda farasi cha huko kilichodaiwa kushiriki kuharibu madaraja. Tarehe 25 Mei, saa nane usiku, askari walimtoa kitandani na kumpeleka Fort McHenry. Amri ilitoka kwa Jenerali William Keim wa Pennsylvania. Hapakuwa na hati ya hakimu, wala kiapo cha shahidi, wala shtaka lililotamka ametenda nini na siku gani.

Wakili wake aliruhusiwa kumwona. Akamwomba Cadwalader amwonyeshe karatasi za kukamatwa kwa mteja wake. Jenerali akakataa asizisome wala asizinakili. Wakili akayaweka hayo kwenye hati ya kiapo na kuiambatanisha na ombi. Hatua ndogo, lakini ndiyo iliyompa jaji msingi wa kudhani kwamba mtu anashikiliwa bila sababu inayojulikana. Anayeandaa ombi la namna hii leo, popote, aanzie hapo: omba nakala, kataliwa, apa kwamba umekataliwa.

Taney alikuwa na umri wa miaka 84. Alikuwa mwana wa Maryland, na ndiye aliyeandika hukumu ya Dred Scott ya 1857 iliyosema mtu mwenye asili ya Kiafrika hawezi kuwa raia wa Marekani. Doa hilo halifutiki, na limewafanya wengi waikatae kila kauli yake hata pale hoja ilipokuwa na nguvu. Alitoka Washington akaja Baltimore, akaeleza kwamba alifanya hivyo ili jenerali asilazimike kuacha eneo la kazi yake, na tarehe 26 akatoa hati: Cadwalader amlete Merryman kesho yake, saa tano asubuhi.

Tarehe 27 aliyefika alikuwa Kanali Lee, amevaa sare, upanga na mshipi mwekundu. Alisoma barua ya Cadwalader. Ilisema Merryman anatuhumiwa kwa matendo ya uhaini na kwamba ni luteni wa kikosi chenye silaha za serikali. Jenerali ameruhusiwa na rais kusitisha habeas corpus, ameonywa autumie uwezo huo kwa busara, na ameelekezwa pia kwamba wakati wa machafuko ya wenyewe kwa wenyewe, ikibidi kukosea, bora kukosea upande wa usalama wa nchi. Mwishoni aliomba kesi iahirishwe mpaka apate maelekezo ya rais.

Taney akauliza kama Merryman mwenyewe ameletwa. Hakuletwa. Papo hapo akatoa hati ya kumkamata jenerali kwa kudharau mahakama, irudishwe saa sita mchana siku ya pili. Hiyo ndiyo hati aliyokwenda nayo Bonifant.

Taney alipoisoma taarifa ya langoni alisema mkuu wa askari wa mahakama ana haki kisheria ya kukusanya raia wamsaidie kumkamata mkaidi, lakini nguvu iliyo mbele yake ni kubwa kuliko yoyote atakayokusanya, kwa hiyo anamwondolea wajibu huo. Alifanya vyema. Kundi la raia wa Baltimore likielekea kwenye ngome ya jeshi mwezi mmoja baada ya ghasia za Aprili lingeleta maiti, na mahakama ingebeba lawama. Jaji asiye na jeshi alibakiwa na kalamu.

Alichosema Taney, na alichokiacha

Maoni yake ya maandishi yaliwekwa kwenye kumbukumbu za mahakama ya Baltimore tarehe 1 Juni. Hoja ya kwanza ni ya mahali: sentensi ya kusitisha imo katika Ibara ya 1, ibara inayohusu Kongresi, na Ibara ya 2, ya rais, haina neno juu yake. Ya pili ni historia: Uingereza ilimpokonya mfalme uwezo huo na kuuacha kwa Bunge, na haiingii akilini kwamba Wamarekani walimpa rais kile walichomnyima mfalme. Tatu, mwaka 1807, katika njama za Aaron Burr, aliyekuwa makamu wa rais, Rais Jefferson aliiachia Kongresi, na ingawa Seneti ilipitisha muswada, Baraza la Wawakilishi liliukataa.

Hoja ya nne hainukuliwi sana, nami naiona ndiyo nzito kuliko zote. Mahakama za Maryland zilikuwa wazi. Mwendesha mashtaka wa serikali alikuwa karibu, hakimu wa kutoa hati za kukamata alikuwa karibu, na hadi siku hiyo hakuna mtu aliyewahi kuzuia amri ya mahakama katika jimbo lile isipokuwa jeshi lenyewe. Kama Merryman alichoma daraja, shahidi mmoja na kiapo kimoja vingetosha kumkamata kihalali.

Alichokiacha ni vita. Maoni yale hayatoi uzito wowote kwa madaraja yaliyoungua wala kwa mji mkuu uliokatiwa njia, ingawa katiba inataja uasi waziwazi. Tena aliamua swali kubwa kuliko yote ya enzi yake ndani ya siku mbili, bila wakili wa serikali kusimama mbele yake, akitegemea barua ya ofisa iliyosomwa na ofisa mwingine.

Hapa pana kosa linalorudiwa kila mwaka: kwamba Lincoln alikaidi amri ya Mahakama ya Juu. Taney alikaa peke yake kama jaji, na Mahakama ya Juu haikukutana. Aliandika kwamba Merryman anastahili kuachiwa mara moja, lakini hakutoa amri rasmi ya kumwachia, na hakumwelekezea rais amri yoyote. Alimwagiza karani ampelekee Lincoln nakala yenye muhuri, na kumwachia rais aamue atafanya nini ili amri za mahakama ziheshimiwe. Aliyekaidi hati alikuwa Cadwalader. Tofauti hiyo ina maana, kwa sababu amri isiyotolewa haina anayeikaidi.

Jibu la Lincoln

Lincoln alijibu tarehe 4 Julai, katika ujumbe wake kwa Kongresi, bila kumtaja Taney kwa jina. Aliuliza: je, sheria zote ziachwe bila kutekelezwa, na serikali yenyewe isambaratike, ili tu hii moja isivunjwe? Kisha akasema haamini kwamba amevunja yoyote. Uasi upo, usalama wa umma unalazimu, katiba haikutaja nani, na kwa kuwa kifungu kimetungwa kwa ajili ya dharura, waliokitunga hawakukusudia hatari iachwe mpaka Kongresi ikusanyike, hasa ikiwa uasi wenyewe unaweza kuizuia isikusanyike. Siku iliyofuata Mwanasheria Mkuu Edward Bates alitoa maoni yaliyokwenda mbali zaidi: mihimili mitatu ni sawa, na jaji hana uwezo wa kumwamuru rais katika jambo la kisiasa kama hili.

Hoja ya Lincoln inasimama kwa wiki za Aprili. Kadiri Mei ilivyosonga ilizidi kulegea. Merryman alipokamatwa, reli zilikuwa zinafanya kazi na jeshi lilikuwa limeshika Baltimore. Baada ya tarehe 4 Julai Kongresi ilikuwa kitini, na ilikaa karibu miaka miwili bila kutunga sheria ya wazi juu ya jambo hili. Sheria ya tarehe 6 Agosti 1861 iliidhinisha amri za rais kuhusu jeshi na wanamgambo bila kutamka habeas corpus.

Bates ninampinga kabisa. Kama jaji haruhusiwi hata kuuliza mtu ameshikiliwa kwa amri gani, basi kila koplo anaweza kudai ametumwa na rais, na pasiwe na wa kumthibitisha.

Mahali karatasi zilipokosewa

Tuseme Cadwalader angemleta Merryman, au angalau angepeleka majibu yaliyoapiwa, yakiwa na nakala ya barua ya tarehe 27 Aprili. Taney angelazimika kuisoma. Na barua ile ilikuwa na mipaka: njia ya kijeshi kati ya Philadelphia na Washington, na jirani yake. Cockeysville ilikuwa kwenye reli ya Northern Central, iliyokwenda Harrisburg. Je, reli hiyo ilikuwa njia iliyotumika kwa safari ya Washington, au jirani na njia hiyo? Serikali ingeweza kujibu ndiyo, kwa kuwa askari wa Pennsylvania walishuka kwa reli hiyo. Mwombaji angeweza kubisha. Hilo ni swali ambalo jaji yeyote anaweza kuliamua bila kumgusa rais, na lingeweza kumwachia Merryman au kumbakiza kwa sababu finyu. Kwa kuwa hati haikujibiwa ipasavyo, swali hilo halikuulizwa. Pande zote mbili ziliruka hadi kwenye swali kubwa.

Kosa la pili ni usiri. Taney aliandika kwamba alishangaa kusikia rais ana uwezo anaodai, kwani hapakuwa na tangazo lolote. Kusitisha haki kwa barua isiyotangazwa kunamnyima raia nafasi ya kujua kwamba haki yake haipo tena, na kunamwacha jaji aijue kutoka midomoni mwa kanali.

La tatu ni la Taney mwenyewe. Julai hiyo Merryman alihamishiwa kwenye mahakama za kawaida, akashtakiwa kwa uhaini, akatoka kwa dhamana. Kile Taney alichokidai kikawa kimefanyika. Lakini kesi za uhaini Maryland hazikusikilizwa: Taney aliona haki haiwezi kutendeka chini ya kivuli cha jeshi, akaendelea kuziahirisha. Merryman hakuhukumiwa kamwe, na mashtaka yakafutwa 1867. Anayemwambia mwanajeshi ampeleke mtu mahakamani, halafu mahakama isimsikilize, anadhoofisha hoja yake kwa mkono wake.

Gharama kwa majaji

Majaji waliofuata walilipa. Oktoba 1861 Jaji William Merrick wa Washington alitoa hati kwa ajili ya kijana aliyeandikishwa jeshini akiwa na umri mdogo. Mlinzi mwenye silaha akawekwa nyumbani kwake. Mei 1862 Jaji Richard Carmichael alivutwa kutoka kwenye kiti chake mahakamani Easton, Maryland, akapigwa kichwani kwa bastola.

Afrika Mashariki inalijua jambo hili kwa uchungu zaidi. Benedicto Kiwanuka, Jaji Mkuu wa Uganda, alichukuliwa na watu wa utawala wa Idi Amin kutoka Mahakama Kuu, Kampala, tarehe 21 Septemba 1972, muda mfupi baada ya kumwachia kwa habeas corpus mfanyabiashara mmoja Mwingereza aliyeshikiliwa na jeshi. Hakurudi. Leo ibara ya 23 ya Katiba ya Uganda ya 1995 inasema haki ya habeas corpus haivunjwi wala kusitishwa, na ibara ya 25 ya Katiba ya Kenya ya 2010 inaiweka kati ya haki chache zisizowekewa mipaka hata wakati wa hali ya hatari. Katiba hizo zimelifunga pengo lililoachwa na Ibara ya 1 ya Marekani: swali la nani asitishe halina nafasi pale ambapo hakuna anayeruhusiwa.

Kongresi inarekebisha, 1863

Baada ya Lincoln kusitisha habeas corpus nchi nzima Septemba 1862 kwa makundi fulani ya watuhumiwa, hatimaye Kongresi ilitunga sheria, tarehe 3 Machi 1863. Ilimruhusu rais kusitisha kwa muda wote wa uasi, na ilitumia neno linaloweza kusomeka kama idhini mpya au kama uthibitisho wa uwezo aliokuwa nao.

Muhimu zaidi ni jinsi ilivyolenga makosa ya Fort McHenry. Ofisa anayepewa hati hatalazimika kumleta mfungwa, lakini lazima athibitishe kwa kiapo kwamba anamshikilia mtu huyo kwa mamlaka ya rais. Hapo ndipo mwenendo unasimama. Barua ya Cadwalader isingetosha, maana haikuwa na kiapo. Pia mawaziri wa mambo ya nje na wa vita walitakiwa kuwapelekea majaji wa shirikisho orodha za wafungwa. Jopo la raia linaloamua mashtaka likimaliza kikao bila kumshtaki aliye kwenye orodha, jaji amwachie akishakula kiapo cha utii. Maofisa nao walipata kinga, na madai dhidi yao yakawekewa ukomo wa miaka miwili.

Utaratibu huo ndio uliomwokoa Lambdin Milligan wa Indiana, raia asiye mwanajeshi. Alikamatwa nyumbani Oktoba 1864, akahukumiwa na tume ya kijeshi anyongwe tarehe 19 Mei 1865. Jopo la raia lilikuwa limekutana Indianapolis Januari 1865 na kuahirisha bila kumshtaki, na ombi lake likajengwa juu ya hilo. Rais Andrew Johnson aliibadilisha adhabu kuwa kifungo cha maisha. Aprili 1866 Mahakama ya Juu iliamuru aachiwe, na majaji wote tisa walikubaliana kwamba tume haikuwa na mamlaka juu yake, ingawa wanne walikataa kusema kwamba hata Kongresi isingeweza kuiruhusu. Maoni ya wengi yaliandikwa na David Davis, rafiki wa miaka mingi wa Lincoln. Aliweka wazi kile kilichokosekana 1861: kusitisha haki hakuisitishi hati yenyewe. Hati hutolewa kama kawaida, majibu yanarudi, na mahakama ndiyo inayoamua kutoka kwenye majibu hayo kama mwombaji amezuiwa kuendelea.

Kuhusu nani wa kusitisha, Mahakama ya Juu haijatoa uamuzi wa moja kwa moja hadi leo. Kwa vitendo marais wameisubiri Kongresi: Rais Ulysses Grant alisitisha katika kaunti 9 za South Carolina mwaka 1871 akiwa na sheria mkononi.

Milligan naye aliwashtaki waliomshikilia. Mwaka 1871 baraza la wazee wa mahakama mjini Indianapolis lilikubali kwamba alifungwa kinyume cha sheria. Lakini ukomo wa miaka miwili ulikuwa umekata sehemu kubwa ya dai lake, na fidia aliyopewa ikawa dola 5.